Mtoto, Safari Ijayo

Mama yangu alifariki Mei 1983, Jumanne asubuhi, ameketi jikoni kwake, kibuyu cha chai ya majani ya mate mkononi na maji bado ya moto. Mimi ndiye niliyemkuta. Jeneza lake pia nilitengeneza mimi, maana seremala wa Villa Dorotea ni mimi, na kwa miaka ishirini na mitano hakuna Myahudi aliyezikwa hapa kwetu ambaye mbao zake sikuziranda kwa mkono wangu. Majeneza yetu hayana msumari wala urembo. La mama nililimaliza kabla ya adhuhuri, tukamzika kesho yake ubavuni mwa baba.

Naitwa Gregorio Zlotnik, lakini hapa kila mtu ananiita Goyo. Baba yangu, Leiser, aliletwa jimbo hili la Entre Ríos akiwa wa miezi minane, katika zile familia zilizokimbia Besarabia, ng'ambo ya bahari, na kupewa mashamba huku. Vijana wenzake walioa mabinti wa walowezi wenzao. Yeye akampenda Ramona Acosta, binti wa mswaga ng'ombe, Mkatoliki aliyekuwa akipita mbele ya kiwanda cha jibini na kikapu cha mayai. Walipooana ofisini kwa serikali, bibi mzaa baba alikaa chini siku saba, akaomboleza kama mtu aliyefiwa na mwana.

Halafu mama akaingia dini yetu, akapewa jina Rut, bibi akainuka kutoka sakafuni, akaja kumfundisha kupika samaki wa Sabato. Mama alitia pilipili nyekundu katika samaki yule. Wanawake wakasema ni dhambi. Mwaka haukuisha wote wakawa wanatia.

Hayo yote niliyajua, hayakuwa siri. Kwetu mtoto hufuata mama. Mama akiwa Myahudi, mtoto ni Myahudi, hata baba awe nani. Mama asipokuwa, baba hata akiwa rabi haisaidii kitu. Kwa hiyo kilichokuwa na maana ni kwamba mama aliingia, tena kwa taratibu zote: alisimama mbele ya watu watatu, akazama mtoni, akatoka na jina jipya. Hivyo niliambiwa. Kitu ambacho sikuambiwa ni tarehe.

Dada yangu Perla ni mdogo kwangu kwa miaka saba. Yeye alikwenda Rosario kusomea udaktari wa meno, akaolewa huko na Mtaliano, Mkatoliki, na kila Desemba wanapamba mti. Mimi nilibaki. Nilishika ufunguo wa sinagogi, niliwasha jiko la kuni alfajiri za Julai ili wazee wasigande, nilifundisha watoto wa kijiji kusoma herufi zetu mpaka watoto wenyewe wakaisha, kila mmoja akaenda mjini. Nilikuwa mtu wa kumi. Sala zetu kubwa, Kadishi ya wafu ikiwemo, hazisemwi bila wanaume kumi, na kwa miaka mingi wanaume wa Villa Dorotea walikuwa tisa na mimi. Sisi hatuhesabu watu kwa namba, ni mwiko. Tunatumia aya moja ya Zaburi yenye maneno kumi katika lugha yake, neno moja kwa kila kichwa. Neno la mwisho maana yake ni milele, na milele ilikuwa ikiniangukia mimi, kwa kuwa nilisimama karibu na mlango.

Sikuoa. Nilipokuwa na miaka ishirini na saba nilikuwa na mchumba, Rosita Brodsky, wa kijiji cha pili. Baba hakumkataa. Alisema ngoja tuvune. Tukavuna, akasema ngoja paa la nyumba lirekebishwe. Nikarekebisha paa. Akasema mama ana presha, tusimchoshe na harusi. Miaka mitatu ikaenda hivyo, Rosita akaolewa Paraná na mwuza vitambaa. Siku ile nilipopata habari, baba alinishika bega, akasema, "Mwanangu, Mungu anajua anachofanya." Nikamshukuru. Nakumbuka vizuri kwamba nilimshukuru.

Siku ya thelathini baada ya mazishi ya mama, Perla alikuja kutoka Rosario pamoja na mwanawe Bruno, kijana wa miaka kumi na minane, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Siku hiyo pia alikuwa anatutembelea rabi mmoja kijana kutoka Buenos Aires, Rabi Ezequiel Halpern, aliyekuwa akizunguka vijiji vyetu kuweka sawa vitabu vya makaburi kabla wenye kumbukumbu hawajaisha. Tulifurahi. Roitman alikuwa amekufa wakati wa kiangazi, tukabaki tisa na mimi nimo, hivyo rabi angekuwa wa kumi.

Don Kalman, ambaye ana miaka themanini na sikio moja, alimtazama mgeni akishuka garini.

"Huyu ndiye rabi?" akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kituoni. "Mbona nina soksi zilizomzidi umri?"

"Shikamoo, mzee," rabi akasema huku akicheka. "Soksi hizo nazo zinasali?"

"Zinasali zaidi yako, maana zina matundu, zinamwona Mungu."

Tukacheka sote. Nikampenda yule kijana. Naliweka wazi hilo, asije mtu akadhani naye alikuwa adui yangu.

Tuliketi ndani ya sinagogi, saa tisa alasiri, tukingoja watu watimie. Rabi alitaka kuhakikisha jina la mama la Kiebrania kwa ajili ya maandishi ya kaburi. Don Nujem Ackerman, mkuu wa jumuiya yetu, akatoa kitabu cha zamani kabatini, kikubwa, jalada lake limeliwa na panya pembeni. Rabi akafungua kurasa kwa ncha za vidole.

"Hii hapa," akasema. "Rut binti Ibrahimu, kama waingiao wote. Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Adari. Hiyo ni Machi 1941." Akaandika kwenye daftari lake. Kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa, kama mtu anayeuliza njia, "Na wewe, Bwana Goyo, ulizaliwa lini?"

"Aprili 1936."

Kalamu yake ikasimama. Sikuelewa kwa nini imesimama. Nilichokiona ni Don Nujem akivua miwani na kuanza kuifuta kwa shati, ilhali haikuwa chafu.

"Kuna mstari mwingine chini yake," rabi akasema polepole. "Kiyidi changu ni cha kubahatisha. Don Nujem, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu. Nilikuwa katibu."

"Nisomee basi."

Don Nujem akaendelea kufuta miwani. Nikainama nikasoma mwenyewe, maana Kiyidi, lugha ya wazee wetu, alinifundisha baba. Maneno yalikuwa matatu tu, kwa wino uliofifia: Mtoto, safari ijayo.

Nikasoma tena. Kisha nikauliza, "Mtoto gani?"

Hata Don Kalman, ambaye huwa hasikii, alikuwa amesikia.

"Ulikuwa na surua," Don Nujem akasema mwishowe. Alikuwa anazungumza na miwani. "Wiki ileile. Mama yako alikufungia chumbani, mapazia yameshushwa. Ilikuwa uzamishwe pamoja naye, ndivyo inavyofanywa, mama na mtoto wake siku moja. Lakini nani anamtosa mtoni mtoto mwenye homa? Na rabi aliyekuja alikuwa anaondoka na treni ya asubuhi. Tukasema, akirudi mwakani."

"Akarudi?"

"Alikwenda Montevideo. Akafia huko."

"Miaka arobaini na miwili, Don Nujem. Haikupita treni nyingine?"

"Goyo, mwanangu, sikiliza. Baba yako alisema tusikuvuruge. Ulikuwa mtoto mwepesi wa kusoma. Ukafika miaka kumi na mitatu, ukapanda pale, ukasoma Torati wanawake wakalia. Nani angethubutu kusimama na kusema, shusheni huyo?"

"Kwa hiyo mlijua. Nyote."

"Waliokuwepo walijua."

"Na mkanihesabu."

"Tulikuhesabu kwa mapenzi."

"Mlinihesabu kwa uhaba," nikasema. "Mlikuwa tisa."

Rabi alisimama, akaja kuketi karibu yangu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wake ndio ulioniuma zaidi. Alisema sina kosa lolote. Alisema jambo hili lina dawa, tena nyepesi kwa mtu kama mimi: nije Buenos Aires, nikae nao miezi miwili mitatu, nisome kidogo, nisimame mbele ya watu watatu, nichomwe kidogo litoke tone la damu kwa kuwa nilikwishatahiriwa, nizame majini.

"Nisome nini?" nikamuuliza.

Akasita. "Ni utaratibu tu."

"Mjukuu wa Don Kalman, yule daktari wa Córdoba, nani alimfundisha alfabeti? Mimi. Sala za Siku ya Upatanisho nazijua bila kitabu. Sasa uniambie, nisome nini?"

"Sheria haisemi hujui, Bwana Goyo. Inasema..." Hakumaliza.

"Malizia."

"Inasema bado hujaingia."

Nilitazama jiko la kuni nililoliwasha mwenyewe saa nane. Nikauliza, "Na leo? Kadishi ya mama yangu?"

Rabi alifumba macho. "Kama ningefika kesho, kama kitabu hiki kisingefunguliwa... Lakini nimekiona. Siwezi kujifanya sijakiona. Nisamehe. Unaweza kuketi nasi. Kukuhesabu siwezi."

Wakati huohuo Perla akaingia na Bruno. Yule kijana alikuwa amevaa koti zito, na shingoni kilining'inia kidani kidogo cha Bikira Maria, zawadi ya nyanya yake wa Kitaliano siku ya ubatizo. Hakujua lolote. Alinibusu shavuni, akasema, "Mjomba Goyo, pole. Nikae wapi?"

Watu wakatazamana. Nikaona hesabu ikipita machoni mwao, uso mmoja mpaka mwingine. Mama yake Bruno ni Perla. Perla alizaliwa 1943, miaka miwili baada ya mama kutoka mtoni. Kwa hiyo Perla ni Myahudi, na mwanawe ni Myahudi, ubatizo wake na mti wake wa Desemba na vyote. Sheria iko wazi kama maji. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeifundisha kwa watoto, nikiwa na chaki mkononi.

Don Nujem akachukua kofia ndogo kwenye sanduku, akampa Bruno.

"Vaa hii, mwanangu. Simama hapa."

"Mimi? Lakini mimi sijui..."

"Huna haja ya kujua. Simama tu."

Kisha akaanza aya ile, kidole chake kikipita vichwani. Neno la kwanza kwa rabi, la pili kwa Don Kalman, na kuendelea. Kilipofika kwangu hakikusimama. Kilinipita kama kinavyopita nguzo, kikatua kwa Bruno, na neno la mwisho likaangukia koti lake.

Nilitoka. Nilisikia Don Kalman akiita, "Goyo, we Goyo, usitoke kwenye baridi!" kana kwamba tatizo lilikuwa baridi.

Nikaenda makaburini kwa miguu. Ni mwendo wa nusu saa, kwenye barabara ya udongo. Nikasimama kwenye kaburi la mama, udongo wake bado haujashuka, nikaanza Kadishi kwa sauti. Niliisema kwa ajili ya baba miezi kumi na mmoja mwaka 1972, asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja. Lakini Kadishi ina mahali ambapo wengine huitika amina. Nikafika mahali pale, nikanyamaza, nikasikia upepo tu kwenye mikalitusi. Sikuweza kuimaliza. Nikageuka upande wa baba, nikamwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi wake aliye hai, seuze maiti.

Perla alinikuta pale. Alikuwa amekuja na gari la rabi, peke yake. Alisimama mbali kidogo.

"Kaka," akasema.

"Mwambie Bruno asijisikie vibaya. Yeye hana kosa."

"Anajisikia vibaya. Analia kule."

"Umeambiwa?"

Alichezea kitasa cha mkoba wake, kuufungua, kuufunga. Nikamjua dada yangu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya tangu mdogo alipovunja sahani.

"Perla. Umeambiwa leo?"

"Mama aliniambia nilipoolewa," akasema. "Nilikuwa nalia kwamba nimemwaibisha baba, nimeolewa na Mkatoliki. Akaniambia nisilie, wanangu watakuwa Wayahudi vyovyote vile, haiondoki. Akasema mtoto anayemlilia yeye ni wewe. Ndipo akanisimulia."

"Miaka ishirini."

"Aliniapisha, kaka. Mkono juu ya kitabu."

"Na Rosita?"

Akaanza kulia. "Baba aliogopa. Rabi wa kule angeuliza cheti cha mama, angeona tarehe. Baba alisema heri Goyo akose mke kuliko akose..." Hakumaliza, na sikumwomba amalizie. Nilimwona baba amenishika bega. Nilijiona nikimshukuru.

Nilimwambia dada yangu aende. Alitaka kunishika mkono, nikaurudisha nyuma. Alikuwa dada yangu pekee, na sasa hatuna mzazi, lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kumhurumia mtu.

Jumatatu nilipeleka ufunguo kwa Don Nujem. Mkewe ndiye aliyefungua mlango. Niliuweka juu ya meza, nikaondoka kabla hajaniita nile keki. Baridi ikaja, jiko la sinagogi likawashwa na mtu mwingine au halikuwashwa, sikuuliza. Rabi Halpern aliniandikia mara mbili. Barua zake ni nzuri, zina heshima, na ya pili aliambatanisha nauli ya basi, nikairudisha. Kila nilipoketi kumjibu nilifika mahali pamoja: kwamba watu watatu wataniuliza, kama wanavyowauliza wote, kwa nini unataka kuwa Myahudi. Na mimi sikutaka kuwa. Sikuwahi kutaka. Nilikuwa.

Septemba, siku moja kabla ya mkesha wa Siku ya Upatanisho, Don Nujem alikuja karakanani kwangu. Alikuja kwa miguu, na miguu yake ni mibovu. Akaketi juu ya shina la mti ninalopasulia, akapangusa vumbi la mbao magotini.

"Umekonda," akasema.

"Wewe umenenepa."

"Moyo huo, daktari anasema ni maji mwilini." Akakohoa. "Goyo, sikuja kukupotezea muda. Tumemwomba Grinblat aje kutoka Villaguay. Na yeye tuko tisa."

Niliendelea kupiga randa.

"Rabi hayupo," akasema. "Yuko Buenos Aires na watu wake. Hapa ni sisi kwa sisi. Tumezungumza, wote wamekubali. Unakuja kama zamani, unasimama mahali pako, hakuna atakayesema neno. Nani atajua?"

Niliweka randa chini. Nilimtazama yule mzee niliyekuwa nikimwita baba mdogo, aliyenipa divai yangu ya kwanza, aliyeandika kwa mkono wake maneno matatu kisha akafunga kitabu kabatini miaka arobaini na miwili. Nilitegemea hasira ije, nayo ilikuja, lakini ilikuja imepoa.

"Mimi nitajua, Don Nujem."

"Siku moja tu, mwanangu. Huenda ni ya mwisho kwangu."

"Mlipokuwa na haja na mtu wa kumi, nilikuwa Myahudi. Mlipompata mwingine, nikawa nguzo. Sasa amekosekana, nimekuwa Myahudi tena." Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyotulia. "Sheria ni ileile iliyonitoa Juni. Mimi niliifundisha, nitaishika. Nyinyi ni tisa."

Alipangusa tena magoti yake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Tulikukosea."

"Ndiyo."

Alitegemea niongeze neno. Nilimshika mkono kumwinua, kwa sababu peke yake asingeweza, nikamfikisha barabarani.

Nilifunga. Tangu Ijumaa jua lilipozama sikula wala kunywa, sikuvaa viatu vya ngozi, na Jumamosi niliketi chumbani kwa mama na kitabu cha baba, nikasoma sala zote, isipokuwa zile zinazohitaji kumi. Hizo niliziruka. Nilikuwa sijajua ni nyingi kiasi gani. Mchana, mtu aliyepita akienda kununua mkate alisema sinagogi limefunguliwa na wanasali, kila mtu kivyake.

Nyota tatu za kumaliza saumu zilipoonekana nilikula yai na mkate, nimesimama. Simu ikalia. Niliiacha ilie mpaka ikanyamaza. Ikalia tena, nikaipokea.

"Kaka, umefunga?" Perla akauliza.

"Nimefunga."

"Mimi pia. Mara ya kwanza tangu niolewe. Kichwa kinaniuma."

"Kunywa maji kwanza, taratibu," nikasema. "Usianze na kahawa."

Akasema sawa. Nilisikia bomba likifunguliwa kule Rosario, glasi ikijaa, naye akinywa. Hakuniomba msamaha, wala sikumpa. Tulikaa hivyo na simu masikioni, kila mmoja akimsikia mwenzake akipumua, mpaka laini ikakatika yenyewe.